Nukta ya Dirishani

Wifi yangu ni msomi, mimi ni msusi. Yeye anasomea vichwa vya watoto kwa ndani, mimi navishughulikia kwa nje, na tangu tujuane tunabishana nani kati yetu anavijua vichwa vizuri zaidi. Nikimwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, hunijibu kwamba basi wateja wangu wengi wanakuja kununua akili za bandia. Ndivyo tunavyopendana.

Siku aliyoingia saluni na kile kizibao nilikuwa nimefika katikati ya kichwa cha mteja, rasta mdomoni, vidole vimejaa mafuta. Akakitandaza juu ya kiti kama mtu anayeuza nguo. Kilikuwa kizibao cha mtoto, kitambaa chepesi cha kijani, kina vimfuko viwili mabegani. Ndani ya kila kimfuko kulikuwa na kidude chenye ukubwa wa kifungo cha koti.

"Hivi ni vihisi," alisema. "Kimoja bega hili, kingine bega lile. Kompyuta inajua mtoto yuko wapi darasani na ameelekea wapi. Na hapa kifuani kuna kinasa sauti."

"Ameiba nini huyo mtoto?"

"Wifi, sikiliza kwanza. Tunawaweka watoto wasiosikia vizuri darasa moja na wanaosikia, halafu tunasema wanacheza pamoja, wanaongea pamoja. Nani anajua? Watu wanabahatisha tu. Hiki hakibahatishi."

Nilimuuliza majina ya watoto yatakwenda wapi. Akasema hakuna jina, kila mtoto ni namba. Nikamuuliza nani ataziona hizo habari. Akasema watafiti tu, yeye na wenzake chuoni, basi. Nilimwamini, kwa sababu wifi yangu ana makosa mengi lakini uongo haumo. Nikapangusa mikono, nikatia sahihi fomu ya ruhusa.

Mtoto mwenyewe alikuwa pale pale, kwenye kistuli chake karibu na kikaushia nywele. Kipusa, mwanangu, alikuwa na miaka saba. Alizaliwa masikio yakiwa yamekwishachoka. Ana vifaa vya masikioni vinavyomsaidia kidogo: anasikia mlango ukigongwa, anasikia jina lake ukimwita kwa karibu. Sauti anayo, ila huionea haya mbele ya wageni. Mikononi, lakini, ana mdomo kuliko sisi wote. Nyumbani tunaongea kwa alama, kuanzia baba yake, fundi umeme mwenye mikono mizito kama lafudhi ya mtu wa mbali, hadi wifi, anayeongea alama za chuoni zilizopigwa pasi. Mimi nikiwa kazini vidole vimenaswa kwenye nywele, kwa hiyo humjibu kwa nyusi na kidevu. Wateja wangu wameshazoea. Mazungumzo yakinoga naachia msuko, nao wanasubiri.

"Hiki cha nini?" Kipusa aliuliza kwa mikono.

"Kizuri. Utapendeza," wifi alimjibu.

Kipusa alitutazama sisi wote wawili vile wateja wanavyonitazama ninapowaambia haitauma. Kisha akakivaa.

Kwa muda sikusikia lolote. Wifi alikuwa akipita kila jioni shuleni kukusanya vizibao, akivichaji chuoni, akivirudisha asubuhi. Nikamwona amenenepa kwa furaha. Ndipo Mwalimu Mkuu aliponiita.

Nisimsingizie: Mwalimu Mkuu si mtu mbaya. Anawajua watoto wote kwa majina, na mvua ikinyesha husimama getini na mwavuli mpaka wa mwisho achukuliwe. Ila ana ugonjwa wa watu wema wengi, wa kujua linalomfaa kila mtu kabla mwenyewe hajafungua mdomo. Alinikaribisha ofisini, akaniletea kiti, akageuza kompyuta yake inielekee.

Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa darasa kama ulivyo ukiutazama kutoka darini: meza, kabati, mlango, madirisha. Juu ya mchoro kulikuwa na nukta za rangi. Alibofya, zikaanza kutembea. Nyekundu zilikuwa nyingi, zikikusanyika na kutawanyika kama siafu. Bluu zilikuwa chache. Mbili zilikuwa zikikimbizana kuzunguka meza. Moja ilikuwa imesimama dirishani.

"Mama Kipusa, huyu ndiye mwanao," alisema.

"Umejuaje? Niliambiwa ni namba tu."

"Bluu ni wale wasiosikia. Hawa wawili ni wavulana, unawaona mbio zao. Sasa aliyebaki ni nani?"

Aliendelea kubofya, siku moja baada ya nyingine, kila mara ile saa ya watoto kucheza ndani. Nukta nyekundu zilikuwa katikati ya chumba. Nukta ya mwanangu ilikuwa dirishani. Hakuna iliyoisogelea, nayo haikuisogelea yoyote. Nilimwona Kipusa wangu amewapa wenzake mgongo, anatazama nje, mtoto ambaye nyumbani mikono yake hainyamazi.

"Na kinasa sauti chake hakina maneno," Mwalimu Mkuu alisema kwa upole. "Saa nzima, kimya. Mama, huyu mtoto ni mpweke. Ijumaa kamati ya shule inakutana, nami nitapendekeza ahamishiwe shule maalumu ya bweni. Huko atapata wenzake. Samaki mkunje angali mbichi."

"Mwalimu, mwanangu si samaki."

"Nataka mema yake."

"Hilo nalijua, ndilo linalonitisha."

Shule ile ya bweni sina neno nayo. Nimewaona waliotoka huko, wamesoma na wana heshima zao. Lakini ni safari ya siku nzima, na mtoto akishaingia anarudi nyumbani likizo kwa likizo. Kuna watoto wanaoihitaji. Wangu alikuwa bado analala ameshika sikio la mama yake, na hakuna mtu aliyekuwa amenishawishi kwamba nukta ya bluu inatosha kumtoa kitandani pangu.

Nilitoka pale damu inanichemka. Sikurudi saluni, ingawa nilikuwa nimemwacha mtu kichwa nusu. Nilikwenda moja kwa moja chuoni. Wifi alikuwa ofisini kwake, vile vizibao vimetundikwa ukutani kwa safu, vihisi vinachajiwa mezani vikiwaka vijitaa vya kijani. Alinipokea kwa tabasamu. Halikudumu.

"Ulisema ni watafiti tu," nilimwambia. "Sasa Mwalimu Mkuu ana picha ya mwanangu kwenye kompyuta yake, na Ijumaa anampeleka bweni."

Aliketi. Nilitaka abishe, kwa sababu nilikuwa nimejiandaa kwa vita na nilikuwa na maneno mazuri. Hakubisha.

"Aliniuliza kazi inaendeleaje," alisema. "Ametupa darasa lake, ametupa umeme wake, nikaona vibaya kumnyima. Tena nilikuwa na furaha, wifi. Ile ramani ni nzuri mno. Nikamtumia. Nilifuta majina, nikadhani namba inatosha."

"Ukawapaka rangi."

"Nikawapaka rangi," alirudia, na akafunika uso.

"Mchuma janga hula na wa kwao. Umechuma wewe, tunakula wote, na mtoto ndiye anayepakuliwa kwanza."

"Nitamwomba aifute leo hii."

"Ataifuta kwenye kompyuta. Kichwani mwake utaifutaje?"

Nilimwona wifi yangu anapigana na machozi, na hasira yangu ikapungua ingawa sikutaka ipungue. Ni mdogo wa mume wangu. Ndiye aliyekaa nami hospitalini siku tulipoambiwa kuhusu masikio ya Kipusa, ndiye aliyetutafutia mwalimu wa alama. Kama kuna mtu aliyempenda mtoto huyu mapema, ni yeye.

Akajipangusa, akafungua ramani kwenye kompyuta yake. Alikuza ile nukta ya dirishani mpaka ikawa mbili, kila bega na nukta yake. Alitazama kwa muda mrefu. Mimi nilikuwa nikitazama vizibao ukutani, nikifikiria kuvitia moto.

"Wifi, njoo uone," alisema. "Ameelekea nje muda wote, hiyo ni kweli. Lakini tazama mabega yake. Hayatulii. Linapanda hili, linashuka lile. Mtoto mwenye huzuni hakai hivi."

"Labda anacheza."

"Labda. Sijui." Alinigeukia. "Tumemuuliza?"

Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku. Kizibao kilitoka saluni kwangu kikaenda darasani, ramani ikatoka chuoni ikaenda ofisini, na katika safari yote hiyo hakuna mtu mzima hata mmoja aliyemgeukia Kipusa na kumuuliza lolote.

Jioni ile wifi alikuja nyumbani. Kipusa alikuwa mezani anapaka rangi mchoro wa ng'ombe, ng'ombe wa zambarau. Wifi alipiga magoti mbele yake upande wenye taa ili uso wake uonekane.

"Saa ya kucheza, dirishani unafanya nini?" aliuliza.

Kipusa alinitazama kwanza, kupima kama huu ni mtego. Nilimwambia kwa kidevu kwamba hajakosea.

"Naongea na Pacha," alisema.

Pacha si pacha wake. Ni msichana anayesikia vizuri kabisa, aliyeketi naye dawati moja tangu siku ya kwanza ya shule, na kwa kuwa walilingana kimo na wote walikuwa wameng'oka jino lile lile, wakapeana jina hilo. Muhula huu Pacha alihamishiwa mkondo wa pili. Nilijua amehamishwa, nikadhani mambo yamekwisha hapo, kama urafiki wa watoto unavyokwisha.

Kipusa aliweka rangi chini ili apate mikono yote miwili. Akatueleza, na kwa jinsi alivyoeleza ilikuwa wazi anatuona wajinga kidogo. Darasa lao liko ghorofani. Saa yao ya kucheza ndani ndiyo saa ya mapumziko ya mkondo wa pili, nao hutoka uani. Pacha husimama karibu na bomba. Yeye husimama dirishani. Yeye juu, Pacha chini.

"Mnaongea nini kila siku?" nilimuuliza.

"Mambo yetu."

"Mbona hukutuambia?" wifi aliuliza.

"Hamkuuliza." Kisha akaongeza, akivuta mabega yake: "Na kile kizibao kinabana hapa. Mikono haipandi vizuri. Pacha ananiambia naongea kama mtu ana kikohozi."

Wifi yangu alianza kucheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, akaketi sakafuni na nguo zake za kazi. Nilimwacha alie, nilikuwa na shughuli yangu ya kumbusu mtoto kichwani. Alipopata pumzi alinieleza. Mashine yake ilikuwa imefundishwa kwamba wanaoongea ni walio karibu. Wawili wakisogeleana wakaelekeana, inaandika mazungumzo. Mmoja akikaa mbali, inaandika upweke.

"Wifi," nilimwambia, "mimi naongea na huyu mtoto akiwa ng'ambo ya barabara, magari yanapita katikati."

"Najua. Mimi mwenyewe nimeongea naye kwenye harusi, yeye mlangoni na mimi jukwaani. Najua, wifi, na bado sikufikiri."

Tena kulikuwa na jambo la pili. Mkondo wa pili haukuwa kwenye utafiti, kwa hiyo Pacha hakuwa na kizibao. Kwa mashine, Pacha hakuwahi kuzaliwa.

Ijumaa kamati ilikutana ghorofani, kwenye darasa lenyewe, maana ukumbi ulikuwa unapakwa rangi. Watoto wa darasa walikuwa wametolewa kwenda maktaba. Wazazi wa kamati walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwenyekiti alikuwa muuguzi mstaafu, mama wa kimya na macho makali, aliyewahi kuwapiga sindano nusu ya watu waliokuwa mle ndani, na waliendelea kumwogopa. Mwalimu wa darasa, binti mpole, alikaa karibu na ubao. Mwalimu Mkuu alikuwa na suti, tai na kikombe cha chai. Kipusa alikaa nyuma, amevaa kizibao kama alivyozoeshwa kila asubuhi. Mwalimu Mkuu hakupenda awepo. Wifi alimwambia kwamba anayezungumziwa ni Kipusa mwenyewe.

Ramani ikawekwa ukutani kwa projekta, sasa ikionyesha chumba kile kile na nukta moja tu ya bluu nyuma ya darasa. Kabla Mwalimu Mkuu hajaanza, wifi alisimama.

"Ramani hii haikupaswa kufika hapa," alisema. "Niliwaahidi wazazi itabaki kwa watafiti. Nikaipeleka kwa mtu mwenye uwezo wa kumhamisha mtoto. Kosa ni langu, si la Mwalimu Mkuu. Kamati ikitaka utafiti wangu uondoke shuleni, ina haki hiyo, na nitafunga vifaa leo. Lakini mtoto asihamishwe kwa sababu ya kitu nilichokisoma vibaya."

Alijua anachokiweka rehani. Ile kazi ilikuwa ya miaka. Nilimtazama amesimama pale, nikajivunia kuwa na wifi kama yule. Akawaeleza juu ya bomba, dirisha na Pacha.

Mwalimu Mkuu alitikisa kichwa taratibu. "Tunashukuru kwa ukweli wako. Lakini mtoto akiulizwa na shangazi yake atasema lolote la kumfurahisha. Kutoka huku juu mpaka kule bombani? Wanapungiana mikono, sikatai. Kupungiana si kuongea."

"Basi tuonyesheni," mzazi mmoja alisema.

Hapo nilisimama na kile kiti kikasimama nami, kimeninasa. "Mwanangu si sarakasi," nilisema nikikibandua. "Kwa nini athibitishe kwamba ana rafiki? Nani kati yenu aliyewahi kuombwa aonyeshe rafiki mbele ya kamati?"

"Wifi," shangazi mtu alisema taratibu. "Tumuulize."

Nilikuwa nimesahau tena, na safari hii ni mimi. Tulimgeukia Kipusa. Wifi alimweleza yote bila kupunguza: wanachodhani, wanachotaka kufanya, wanachoomba aonyeshe, na kwamba akikataa hakuna atakayemgombeza. Kipusa alisikiliza kwa macho yale makubwa. Alifikiri. Chumba kizima kilimsubiri, na niliona anajua kwamba kinamsubiri.

"Sawa," alisema kwa mikono. "Lakini bila hiki."

Akakivua kizibao, akakiweka juu ya dawati. Ukutani nukta yake ikabaki pale dawatini, peke yake kwelikweli. Mwenyewe alikuwa tayari dirishani.

Kengele ya mkondo wa pili ililia, watoto wakamwagika uani. Mwenyekiti aliinuka, akamfuata Kipusa, akafungua mkoba wake na kumwonyesha kitu kilichokuwa ndani. Hakukitoa. Akamfanyia ishara ya kuelekea nje: mwambie. Kipusa alichungulia mkobani, akatabasamu, akainua mikono. Bila kile kizibao ilipanda mpaka juu ya kichwa. Vidole vilikwenda upesi hata mimi mama yake nikaachwa njiani. Alitua, akatupa jicho nyuma chumbani, akacheka, akaongea tena.

"Mleteni huyo Pacha," mwenyekiti alisema.

Mwalimu wa darasa alishuka, akarudi na msichana anayehema, viatu vimelowa maji ya bomba. Alipoona watu wazima wote wale kwenye viti vidogo, alijibana mlangoni.

"Usiogope," mwenyekiti alimwambia. "Mwenzako amekwambia nini?"

Pacha alimtazama Kipusa kwanza. "Amesema kuna bibi ana miwani kwenye mkoba. Imevunjika mguu mmoja, imefungwa uzi mwekundu."

Mwenyekiti alitoa miwani, akaishika juu watu waione, uzi mwekundu unaning'inia. Mtu mmoja alipiga makofi, akaacha, akaona wengine wameanza.

"Kuna lingine?" Mwalimu Mkuu aliuliza.

Pacha alitazama viatu vyake. "Lipo, lakini nisiseme."

"Sema tu."

"Amesema tai yako imeingia kwenye chai."

Mwalimu Mkuu alitazama chini. Ncha ya tai ilikuwa inaogelea kikombeni, na alipoivuta ilidondosha matone juu ya ile suti. Darasa zima lilipasuka. Mwenyekiti, ambaye sijawahi kumwona akicheka hata kwenye sherehe, aliegemea kabati na kushika ubavu. Mwalimu Mkuu mwenyewe alijaribu kununa, akashindwa, akacheka mpaka akalazimika kuketi.

Lakini mimi nilikuwa nimekwenda dirishani, na kilichoniliza hakikuwa tai. Pale chini Pacha alipokuwa amesimama, watoto hawakuwa wametawanyika. Walikuwa kundi zima, wasichana kwa wavulana, nyuso juu, mikono juu. Wote walikuwa wakiongea na mwanangu. Wamemwita Pacha kwa nini? Amekosa nini? Mama wa miwani ni nani? Wengine alama zao zilikuwa za kuokoteza, wengine walizijua kuliko baba yake. Kipusa alikuwa akiwajibu mmoja mmoja, akimnyamazisha huyu, akimpa nafasi yule, kama mama mwenye nyumba iliyojaa wageni.

"Njooni muone upweke wa mwanangu," niliwaambia kamati.

Walikuja. Mwenye macho haambiwi tazama, nami sikuongeza neno. Mwalimu wa darasa ndiye aliyeongea, sauti ndogo. "Mimi ndiye niliyeomba Pacha ahamishwe. Walikuwa wanachezacheza mikono wakati nafundisha. Kumbe walikuwa wanaongea."

"Hukuharibu," mwenyekiti alimwambia. "Ulihamisha mwalimu wa lugha, ukaupelekea mkondo wa pili."

Baada ya hapo kamati haikuhitaji muda. Ramani ilizimwa na kufutwa mbele yetu. Wifi aliulizwa kama anataka kuendelea, akasema ataendelea na watoto watakaokubali tu, wakiulizwa kila asubuhi kwa lugha yao wenyewe, bila rangi za kuwatenga, na kwamba hakuna ramani itakayomfikia mtu anayeamua maisha yao. Akachukua kile kizibao dawatini, akamfuata Kipusa.

"Unataka kukivaa tena?"

"Hapana."

"Asante," wifi alisema, akakikunja na kukitia mkobani mwake. Nilimwona Kipusa akikifuata kwa macho mpaka mkoba ulipofungwa, asiamini kwamba hapana yake imekubaliwa mara moja.

Mwalimu Mkuu alinijia akipangusa tai kwa leso. "Mama Kipusa, muulize basi mtoto. Anataka kubaki nasi?"

"Muulize mwenyewe, Mwalimu. Yuko hapo."

Kisha, na kwa hili nitamheshimu mpaka kesho, alikwenda dirishani, akamgusa Kipusa bega, akachuchumaa mpaka magoti yakalia, uso wake ukalingana na wa mtoto. Hakuzijua alama. Aliongea polepole, akaonyesha sakafu kwa kidole.

"Unataka kubaki hapa?"

Kipusa angeweza kumjibu kwa mikono, nami ningetafsiri. Alinitazama, akamtazama shangazi yake, akawatazama wale wazazi wageni wote waliosimama nyuma.

"Nabaki," alisema kwa sauti yake mwenyewe, nzito na kubwa, iliyotoka ikafika hadi mwisho wa korido. Kisha akatupa mgongo sote, akainua mikono dirishani, kwa sababu wenzake kule chini walikuwa bado wanasubiri jibu.